Kilio Kilichokwishajibiwa

Siku Tusekile alipopiga kilio cha msiba, nyumbani kwake hakuna aliyekuwa amekufa. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, jua limeshapanda juu ya migomba ya Bujonde, na mumewe Hezroni alikuwa ndani, mzima wa roho, amelala kitandani ambako hakuwa ametoka tangu kiharusi kimwangushe miaka miwili nyuma. Uani kulikuwa na jeneza la kuazima kwa fundi seremala. Ndani ya jeneza kulikuwa na kakao.

"Tunaizika bei, mama mdogo," Lutengano alikuwa amemweleza. "Tunamzika mkulima aliyeuawa na soko. Wewe ndiye mjane wa kakao."

Lutengano alikuwa mtoto wa kaka yake Hezroni. Alikulia Dar es Salaam, akaenda Ulaya kusomea filamu, akarudi na ndevu, kofia nyekundu na wenzake watatu walioitana komredi. Walijiita Kundi la Mkanda Mwekundu. Siku walipofika, Tusekile aliazima viti vinne kanisani akavibeba kichwani hadi nyumbani, na wageni wakakataa kuvikalia. Walitaka kukaa chini, wakasema kiti ndicho kinachoanza kuwagawa watu matabaka. Akavirudisha viti vile vile, kichwani vile vile, na njiani kila aliyemwona alimuuliza kama wageni wameshaondoka.

Lakini mwache Lutengano apewe haki yake. Jioni ile ile alimwogesha baba yake mdogo kwa mikono yake mwenyewe, akamnyoa ndevu, akamkata kucha za miguu. Katika ukoo mzima, miaka miwili, hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Na maneno yake kuhusu kakao yalikuwa kweli tupu: kwamba inaondoka Kyela ikiwa imekaushwa kwa jasho la watu, inapakiwa meli, inakwenda kuwa chokoleti, na wanaoilima hawaijui ladha ya chokoleti yenyewe. Kwa hilo Tusekile hakubisha. Aliitikia kwa kichwa, akahisi hasira aliyokuwa nayo siku zote imepata mtu wa kuisemea.

"Sasa hiyo filamu ina hadithi gani?" aliuliza.

"Haina hadithi. Hadithi ni dawa ya usingizi ya mabepari. Mtu anakaa, analia kidogo, anafuta machozi, anakwenda kulala. Filamu yetu haina mwanzo, haina mwisho, haina mwigizaji."

"Watu watatazama nini?"

"Hawatatazama, mama mdogo. Wataamka."

Kuhusu kilio alisita. Kilio cha msiba hakichezewi kule. Mwanamke akikipiga, aliye shambani anaacha jembe, aliye jikoni anaepua chungu, na hakuna anayeuliza kwanza ni nani. Tusekile alimwambia hayo yote, pole pole, kama mtu anayemweleza mgeni. Lutengano akamshika mkono. "Ndiyo maana nakitaka," alisema. "Sekunde ishirini tu. Mwenyekiti wa kitongoji nimeshamtumia ujumbe kwenye simu."

Ujumbe! Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa na simu ambayo betri yake ilikaa chaji siku moja katika wiki.

Basi Tusekile akafungua kinywa. Alikusudia kulia kidogo, lakini hakuwa amefundishwa kulia kidogo. Kilichotoka kilikuwa miaka miwili ya kumgeuza mtu mzima kitandani, miaka miwili ya mashuka, na hofu ya kila asubuhi kabla ya kumgusa kuona kama bado ana joto. Kilienda mbali. Kilipokwisha, Lutengano alikuwa na machozi, akasema, "Rudia, mama mdogo. Kuku amepita mbele ya kamera."

Akarudia. Mara ya tatu wakamtaka arudie kwa sababu ya jua.

*

Aliyetangulia kufika alikuwa Anyitike, kiongozi wa kina mama wa msiba, mwanamke mnene wa miaka sitini ambaye masufuria makubwa ya kijiji yalikaa kwake. Alikuja mbio, kitenge kimefungwa kiunoni, na nyuma yake wanawake kumi, kisha ishirini, kisha haikuwezekana kuhesabu. Waliokuwa na mikungu ya ndizi walikuja na mikungu, wenye mchele walikuja na mchele. Waliliona jeneza, wakapiga magoti kwenye vumbi, wakalia. Sauti ya Tusekile ikamezwa na sauti zao.

"Jamani, hapana! Subirini! Hajafa!" alipiga kelele, na wao wakazidi kumkumbatia, kwa kuwa mfiwa ndivyo anavyosema. Kila mfiwa husema hajafa.

Tuntufye, jirani wa upande wa mtoni, alikuwa akipandikiza mpunga. Aliiacha miche majini, akachukua wanaume wanne, wakapita moja kwa moja hadi makaburi ya ukoo nyuma ya migomba, wakaanza kuchimba. Ardhi ya Bujonde ina maji karibu, kaburi linataka haraka. Mwendesha pikipiki alishatumwa Ikolo, mwingine Talatala, na mtu mwenye simu alishapiga ng'ambo ya mpaka, Karonga, kwa Kisa, dada yake Hezroni.

Stella, komredi aliyeshika kamera, aliishusha. "Lutengano, hawa watu wanadhani kuna aliyekufa kweli."

"Usizime!" Lutengano alikuwa akiruka huku na huku, uso unawaka. "Stella, usizime kamera! Hakuna anayeigiza hapa! Huoni? Huu ndio umma! Huu ndio mshikamano wenyewe!"

Anyitike aliingia ndani na wanawake watatu, na beseni la maji, kwenda kumwosha marehemu. Hezroni alikuwa amelala macho wazi. Alikuwa amesikia yote: mke wake akimlilia mara tatu, kijiji kikimlilia, majembe yakigonga udongo nyuma ya nyumba. Machozi yalikuwa yakimtiririka kuelekea masikioni. Tangu kiharusi, neno moja tu ndilo lililobaki kinywani mwake, na alilitumia kwa kila kitu, kwa njaa, kwa maumivu, kwa salamu. Aliwatazama wale wanawake na beseni lao, akasema:

"Bado."

Beseni lilianguka. Anyitike alitoka nje, akasimama mlangoni, na kilio kikakatika kipande kwa kipande, kutoka mlangoni hadi barabarani. Watu walisimama na vumbi magotini, wakiliangalia jeneza, wakiiangalia kamera. Mtu mmoja alilifunua jeneza akachota kakao kiganjani, akairudisha.

Kaburi lilikuwa limeshafika kifuani. Kuliacha tupu mila haikuruhusu, kwa hiyo Tuntufye na wenzake waling'oa mgomba, wakaulaza chini, wakaufukia. Lutengano aliwaomba waufukie taratibu kidogo kwa ajili ya kamera.

Saa tisa alifika Kisa. Alikuwa ameliacha genge lake la dagaa wazi sokoni Karonga, akavuka mpaka wa Kasumulu akilia, na kiatu kimoja kilipotelea njiani. Aliingia ndani, akamkuta kaka yake anapumua, akacheka kicheko kirefu cha kichaa, akabusu mikono yake. Kisha akatoka uani akamzaba Tusekile kibao mbele ya watu.

"Wifi," alisema, "kaka yangu umemuua mzima."

*

Jumapili baada ya ibada walimwita kwenye baraza la Anyitike. Lutengano alikwenda naye, kofia mkononi. Hawakumpa Tusekile kiti, wala si kwa ajili ya kufuta matabaka.

"Hatukutozi kitu," Anyitike alisema. "Ng'ombe hatutaki. Mchele wetu mmeturudishia, ndizi tumezila wenyewe. Lakini tulikuja. Tuliacha kazi tukaja, tukalia, tukachimba, tukafukia. Kilio chako tumeshakijibu."

Tusekile alielewa kabla sentensi haijaisha. Hezroni alikuwa akiisha. Siku nne alikuwa hamezi ila uji mwepesi. "Dada Anyitike," alisema, "mgonjwa wangu mmemwona. Akiondoka, mimi nitamzika na nani?"

Tuntufye alikuwa akijikwangua matope ya mpunga kwenye kisigino.

Ndipo Lutengano aliposimama. Alikosea mambo mengi lakini woga hakuwa nao. Alisema kosa ni lake. Kisha akaendelea, na hapo ndipo angenyamaza. "Mlichokifanya siku ile wasomi wameandika vitabu wakikitafuta," alisema. "Watu mia mbili wameacha kazi kwa dakika kumi, bila bosi, bila amri! Kipo kwenye mkanda. Dunia itawaona. Nipeni wiki mbili, mtajiona wenyewe."

Wazee wakanong'onezana. Wazo la kujiona lilikuwa na utamu wake, na Anyitike, ambaye hakuwa mtu wa kinyongo, alilipima muda mrefu.

"Sawa," alisema hatimaye. "Tuonyeshe. Tukiona kwamba tuliitiwa jambo la maana, kila mmoja akaiona sura yake pale, akaona alikuja, tutasema ule ulikuwa mwaliko wa picha, si msiba. Kilio chake kitakuwa hakijatumika."

"Ndaga fijo," Tusekile aliwashukuru, akipiga magoti. "Ndaga fijo, mama." Njiani kurudi alimshika Lutengano kwa nguvu hadi kucha zikamwingia. "Sura zao, mwanangu. Mengine yote fanya unavyojua wewe. Mimi nataka sura zao tu."

"Zipo, mama mdogo. Zote zipo."

*

Na kweli zilikuwepo. Kundi lile lilipiga picha kwa mkanda wa zamani, ule wa kusafishwa kwa dawa, kwa sababu walisema simu na kompyuta ni mali za makampuni. Waliusafisha wenyewe kwenye ndoo ndani ya stoo, wakaukausha kwenye kamba ya nguo. Stella alimwita Tusekile, akauinua mkanda kwenye mwanga wa dirisha. Tusekile akasogeza jicho. Walikuwemo, wadogo kama punje, weusi penye weupe na weupe penye weusi: Anyitike na kitenge chake, Tuntufye na jembe, hata bibi kizee wa Talatala aliyeletwa kwa baiskeli. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile.

Siku iliyofuata alikwenda kwenye sanduku la kuvundikia kakao, akamkuta Lutengano amefunua majani ya migomba, mikono imezama hadi viwikoni kwenye kakao mbichi. Alikuwa akiuzika mkanda ndani, duara kwa duara.

"Unafanya nini?"

"Naiacha kakao iandike yenyewe." Alisema kwa upole, kama mtu aliye kwenye sala. "Siku sita. Joto na utomvu vitaula mkanda. Picha itakuwa imetengenezwa na kazi yenyewe, si na mimi. Hakuna aliyewahi kufanya hivi, mama mdogo."

"Itaharibika!"

"Itabadilika."

"Na sura?"

Alipangusa mikono. "Sura ya mtu ndiyo bidhaa ya kwanza ya ubepari. Mzungu anaangalia sura ya mkulima, anaona huruma, ananunua chokoleti yenye picha ya mkulima. Sitawauza watu wangu hivyo. Kwenye filamu yetu watakuwa umma, si sura."

Stella alikuwa amesimama nyuma yao. "Lutengano, uliwaahidi."

"Niliwaahidi ukweli."

"Uliwaahidi watajiona!"

Wakazozana, kwa Kiswahili kwanza na kisha kwa Kiingereza, wakitajana majina ya makosa ambayo Tusekile hakuyajua. Yeye alikuwa amepiga magoti akitia mkono kwenye ile kakao ya moto, akatoa kipande cha mkanda. Kilikuwa kinateleza. Alikipangusa kwa kitenge, na upande uliokuwa na picha ukatoka wote, ukabaki kwenye kitambaa kama ugoro.

*

Walionyesha saa tisa mchana, ndani ya ghala la chama cha msingi cha wakulima, milango imefungwa na matundu yamezibwa kwa magunia. Watu walikuja wamevaa nguo za kanisani. Anyitike alikuwa amesuka nywele. Tuntufye alivaa koti, na jasho likawa linamtoka kwa joto la mle ndani. Tusekile alisimama karibu na mlango, akiwasalimu mmoja mmoja: "Mugonile, karibuni." Alikuwa ametumaini, Mungu amsamehe, kwamba labda sura chache zimebaki.

Jenereta likawashwa. Ukutani yakatokea madoa. Ya kahawia, ya zambarau, yenye mipasuko na mapovu, yakipepesuka. Kisha ikaja sauti ya Lutengano ikisoma mambo ya mtaji na thamani ya ziada, na nyuma ya sauti hiyo, kupitia spika mbili kubwa, kikaja kilio cha Tusekile, walichokinasa kando kwenye kinasa sauti. Kilivutwa kikawa kirefu, kikarudishwa nyuma, kikakatwa, kikarudiwa. Watoto waliziba masikio. Kwenye ufa wa mlango Tusekile alimwona mwanamke aliyekuwa akipita barabarani na kuni akisimama, akautua mzigo, akaanza kukaza kitenge kiunoni. Kisha akasikiliza vizuri. "Aa, ni kile cha Tusekile," akasema peke yake, akaubeba mzigo wake akaenda zake.

Dakika arobaini. Taa zilipowashwa watu walikaa wakiutazama ukuta mtupu.

"Mimi niko wapi?" aliuliza Tuntufye. Hakuuliza kwa ugomvi. Alidhani labda amepitiwa.

"Umo, mzee wangu," Lutengano alisema. "Nyote mmo. Hamna sura kwa sababu ubepari umewafuta."

Anyitike aliinuka.

"Mtoto wewe, usinichezee," alisema. "Bei ya kakao inaniumiza tangu kabla hujazaliwa, sihitaji kuelezwa na mtu anayenikalia chini kwangu kama mbuzi. Lakini ubepari haukuja nyumbani kwa Hezroni na kamera. Ubepari haukuchukua uso wangu ukauvundika kwenye sanduku. Umenifuta wewe."

Watu walitoka, koti kwa koti, kitenge kwa kitenge, na kila aliyepita mbele ya Tusekile aliinamisha macho. Hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko kutukanwa.

*

Hezroni alikufa Jumanne iliyofuata, asubuhi, kati ya kijiko cha uji na kijiko cha uji. Hakusema neno lake.

Tusekile aliweka bakuli chini. Kilio kilimpanda hadi kooni, na akakizuia kwa mikono miwili, akajiziba mdomo kama mwizi aliyefumaniwa. Angekipiga, wangeendelea kulima. Wangesema ni kile cha spika. Akamfunika mumewe, akafunga mlango, akaanza kwenda nyumba kwa nyumba.

"Hezroni ameondoka," alisema kwa Tuntufye.

"Pole," Tuntufye alisema, akitazama pembeni. "Umemwambia Anyitike?"

"Hezroni ameondoka," alisema nyumba ya pili, ya tatu, ya nne, kama mtu anayetembeza mboga zisizonunuliwa. Pole alipewa. Hakuna aliyeinuka. Alipofika kwa Anyitike hakuwa na sauti tena, akaonyesha tu kwa kidole kule alikotoka.

Anyitike aliinuka. "Twende nikaone," alisema.

Akaona. Alikuja na wanawake sita, wakaingia mmoja mmoja, na kila mmoja aliinua shuka akaushika mguu wa Hezroni kuhakikisha baridi. Tusekile alisimama ukutani akiwatazama wakimkagua mumewe kama kakao inayopimwa unyevu na mnunuzi. Wa mwisho alikuwa Anyitike. Aliushika mguu, akafumba macho, akaulaza chini. Kisha akatoka uani, akakaza kitenge, akafungua kinywa chake, akapiga kilio.

Kwa kilio cha Anyitike majembe yaliangushwa. Walikuja kutoka Bujonde yote, na kutoka Ikolo, na Kisa akavuka mpaka. Tuntufye alichimba kando ya ule mgomba uliozikwa, ambao ulikuwa umechipua. Lutengano alikuja kutoka mjini, akapewa jembe, akachimba hadi viganja vikachubuka, na hakuna aliyemsemesha. Kamera hakuileta.

Wanawake walilia hadi jua likashuka. Tusekile alikaa katikati yao, mjane, amefunga mdomo. Mara moja tu alifungua, sauti ikaanza kutoka, na Anyitike akamwekea kiganja begani. "Nyamaza, mama," alisema kwa upole kabisa. "Utawachanganya watu."

*

Miezi mitano baadaye simu iliita, Tusekile akiwa anageuza kakao juani. Ilikuwa namba ndefu ya nje.

"Mama mdogo! Ni mimi." Sauti ya Lutengano ilikuwa karibu kama aliyesimama nyuma ya nyumba. "Filamu imepata tuzo. Huku, kwenye tamasha. Mama mdogo, ningetamani ungekuwepo. Kilio chako kilipoanza, ukumbi mzima uliinuka. Watu mia tano. Walisimama, wakalia. Wengine walikuja kunishika mikono, hawawezi kuongea."

Tusekile aligeuza kakao kwa mguu. Alisikia nyuma ya sauti yake glasi zikigongana, na watu wakicheka mbali.

"Mia tano?" aliuliza.

"Mia tano, mama mdogo."

"Waliinuka?"

"Wote!"

"Nani kati yao alikuja na jembe?"